Mguu wa Bebe Rasulan

Bebe Rasulan aliinama mdomoni mwa tanuri lililochimbwa ardhini kubandika mkate, akabaki huko huko. Mkate ulikwisha kushika ukutani mwa tanuri, moto ulikuwa unamuunguza nyusi, lakini kiuno kiligoma. Akajaribu kuinuka. Kitu kikamchoma kuanzia tako la kushoto, kikapita nyuma ya paja, kikateremka mpaka kidole gumba cha mguu. Hakupiga kelele. Maumivu hayo alikuwa akiyaficha tangu baridi ilipoanza, na alidhani ataweza kuyaficha mpaka ngano ivunwe.

Wanawake wa kichochoro walikuwa wamechuchumaa kulizunguka tanuri, kila mmoja na beseni lake la unga uliokandwa, wakingoja zamu na kusengenya waliokuwa hawapo.

"Bebe, unatafuta nini humo ndani? Pete?" akauliza Kausar, mke wa fundi baiskeli, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Niinueni," Rasulan akasema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Niinueni, viziwi nyie! Kiuno kimeshika!"

Hapo kichochoro kizima kikageuka kumtazama. Si kwa huruma. Ni kwa mshangao. Rasulan, ambaye wote walimwita Bebe, yaani bibi, alizaliwa akitanguliza miguu, na kijiji chote cha Kot Bahadur, na vile vya ng'ambo ya mfereji, vilijua kwamba mguu wa mtu wa namna hiyo ni dawa ya mgongo. Aliyeshikwa na kiuno alikuja kwake alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, akalala kifudifudi uani, naye Bebe akamkanyaga na kumpiga mateke ya taratibu mahali panapouma. Hakupokea hata yai. Akipokea kitu, walisema, mguu unaharibika. Alichopata ni heshima, na heshima hiyo haikuwa ndogo kwa mwoka mikate wa kichochoroni, ambaye ujira wake ni donge la unga kutoka kila beseni. Hata Chaudhri Muzaffar, mwenye mashamba mpaka ukingoni mwa mfereji, mtu asiyeitikia salamu za watu wa tanuri, alikuwa ameshalala chini ya mguu ule.

Sasa mwenye mguu ameinama kama nyundo, na wanawake wanamvuta kwa makwapa.

"Taratibu! Taratibu, mtanivunja!"

"Mganga hajigangi, jamani," Kausar akasema, ameuziba mdomo kwa mtandio ili cheko lisitoke. Lilitoka hivyo hivyo, na mkate ukaungua.

Walimrudisha nyumbani akiwa amepinda vile vile, kichwa mbele, mkono mmoja umemshika mkwe wake Shagufta, mke wa mwanawe. Njia nzima aliona viatu vya watu tu, na kila jozi ya viatu ilisimama kumtazama.

*

"Ijumaa nikipata nafasi, lile shimo nalijaza udongo," akasema Ghafur jioni ile. Alikuwa mwanawe wa pekee, dereva wa trekta la Chaudhri, kijana mwema lakini aliyependa kumaliza mambo haraka, kama anayelima shamba la mtu mwingine.

"Lile si shimo. Ni tanuri," mama akajibu. Alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, na kila kamba ilikuwa inamsuta.

"Tanuri bila mwokaji ni shimo, mama. Mtoto wa mtu atatumbukia. Pumzika sasa. Shagufta ataoka chapati kwenye jiko la gesi."

"Na unga wa dukani nitanunua mimi kwa meno yangu? Tunakula kwa yale madonge, Ghafur. Mshahara wako unaishia kwa muuza gesi huyo huyo."

"Basi tukuuguze kwa nini? Kwa kumuuza nyati wetu wa maziwa? Wakisema upasuaji, kule mjini Lahore, nyati ataenda. Halafu?"

 Si gesi wala unga vilivyomuuma Rasulan sana. Kilichomuuma ni kujiona asubuhi moja amekaa mlangoni, mikono mapajani, anatazama udongo umesawazishwa mahali alipokuwa akisimama yeye, na wanawake wanapita na mabeseni yao kwenda kwingine. Tangu alipoolewa alikuwa mtu wa pale. Pale akiondoka, yeye ni nani? Mzee wa kulishwa.

Mumewe, Allah Ditta, alikuwa pembeni akivuta kiko chake cha maji, akakohoa kidogo. Huyu alikuwa mzee mkavu, mpenda mzaha, ambaye hakuwahi kuona msiba asioweza kuuchekea. "Mtu wa mguu amekosa mguu," akasema. "Tafuteni mwingine aliyetanguliza. Dunia haijaisha."

"Nani? Yule wa kijiji cha Chak ya juu alikufa," akasema Rasulan. "Tangu hapo ni mimi tu."

Shagufta alikuwa anakunja nguo. Aliikunja kanzu ile ile, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mama mkwe wake alikuwa ameyachukua hayo machache kuwa ni kiburi.

"Mama," akasema, "na mimi nilitanguliza."

Kiko kikaacha kuguruma.

"Nini?"

"Nilitanguliza miguu. Mama yangu alinikataza nisiseme. Alisema ikijulikana, kila alfajiri nitaamshwa nikakanyage migongo ya wanaume nisiowajua."

Rasulan akamtazama kama anayemwona mgeni. "Miaka yote hii umelala chini ya dari yangu na mguu mfukoni! Na mimi navuja jasho na migongo ya watu!"

"Ulikuwa unaipenda kazi hiyo, mama."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimkasirisha zaidi. Lakini maumivu hayajui kinyongo. Akateremka kitandani kwa kujiburura, akalala kifudifudi juu ya jamvi. "Funga mlango. Njoo unikanyage."

"Mama, siwezi. Mguu wangu juu ya mgongo wako? Nitaingia motoni."

"Nakuamuru."

"Mkanyage, binti yangu," akasema Allah Ditta, machozi ya kicheko yamemjaa. "Wakwe wote wa Punjabi wanaota siku hii, na wewe umeletewa mpaka mlangoni!"

Shagufta akavua kandambili, akasoma bismillahi, akaweka mguu. Kwanza kama anayekanyaga yai. "Kwa nguvu!" mama mkwe akafoka. "Hukula leo?" Basi Shagufta akapiga teke, kisha la pili, na la tatu, Mungu amsamehe, lilikuwa na kitu ndani yake. Labda ni ile chumvi ya mchuzi ambayo mama mkwe alimsema kila siku. Labda ni kile kiburi alichosingiziwa.

Rasulan akalia. Safari hii alilia kwa sauti, mpaka Kausar akasikia upande wa pili wa ukuta. Walipomwinua, kisigino cha kushoto kilikuwa kinaburuta chini kama kiatu kilicholegea, na kidole gumba hakikujua tena kama kiko miguuni mwake.

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya chuma, na mwisho wa ukumbi, chumba cha daktari wa viungo. Rasulan hakuweza kukaa. Alisimama ameegemea ukuta, ushungi umeshushwa mpaka puani, akiomba asionekane na mtu.

"Ni Bebe wa mguu!" mtu akapaza sauti. "Wallahi, ni yeye! Bebe wa Kot Bahadur!"

Alikuwa Zohran, mwanamke mnene wa ng'ambo ya mfereji. Ukumbi mzima ukageuka.

"Bebe, umekuja kumkanyaga daktari?" akauliza mzee mmoja, na watu wakacheka.

"Mimi alinikanyaga mara mbili," Zohran akaeleza benchi zima, bila ubaya, kama anayemtambulisha ndugu. "Na kaka yangu huyu alimkanyaga. Na yule wa kilemba cheupe pale, wewe si ulikanyagwa pia? Kumbe sote hapa ni watoto wa mguu mmoja!"

Rasulan akawatazama. Aliwatambua mmoja mmoja, si kwa nyuso bali kwa migongo: huyu mwenye bega la kushuka, yule mwenye kibyongo kidogo, yule aliyelia kabla hajaguswa. Waliondoka uani kwake wakimshukuru, na hawakurudi, na yeye alidhani wamepona. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Hakuna hata teke moja alilopiga kwa hila, na sasa hilo halikumfariji hata kidogo.

"Turudi nyumbani," akamnong'oneza Shagufta.

"Haturudi."

"Nakuamuru!"

"Uliniamuru juzi, tukaona yaliyotokea," akasema Shagufta, akamkamata kiwiko. "Leo hatuondoki hapa, mama. Nitakubeba mgongoni nikuingize mwenyewe." Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia jambo, na Rasulan, badala ya kukasirika, akajikuta amemwegemea.

Daktari Sumbal alikuwa msichana wa mjini, mwenye miwani na mikono yenye nguvu kama ya mkandaji unga. Alipofunua mgongo akaona michubuko, akauliza kwa upole wa hatari, "Bebe, nani amekupiga?"

"Mkwe wangu huyu."

Daktari akamgeukia Shagufta. Shagufta akaanza kulia.

"Ila nilimwamuru," Rasulan akaongeza. "Na alifunga mlango kwanza. Ana adabu."

Ilichukua muda jambo hilo kueleweka. Daktari, aliyekuwa karibu kumwita mlinzi, akavua miwani akaifuta, mabega yakimtikisika. Kisha akafanya kazi. Alinyanyua mguu, akagonga goti, akachoma vidole kwa pini, akauliza kama mkojo unatoka sawasawa, akaambiwa unatoka. Akawapeleka kwa daktari mkubwa aliyetazama picha ya eksirei, akasema kisu hakihitajiki kwa sasa, ila mguu ukizidi kulegea au mkojo ukizuilika, warudi mbio bila kungoja mtu.

"Kati ya pingili za uti wa mgongo," Sumbal akaeleza, "kuna kitu laini, kama mto mdogo. Wako umefutuka nyuma, umebana mshipa unaoteremka mguuni. Miaka yote unainama kwenye shimo la moto. Kila siku unausukuma. Teke likausukuma zaidi."

Rasulan akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu ukumbini. "Na wale niliowakanyaga mimi? Wapo waliopona. Naapa wapo."

"Wapo. Mgongo mwingi hupona wenyewe baada ya wiki chache, Bebe, ukanyagwe usikanyagwe. Waliopona walikuja kukusifu."

"Na wasiopona?"

Daktari akatazama mlango. "Wasiopona wako nje."

Hakuyasema kwa ukali. Afadhali angeyasema kwa ukali. Rasulan alifuta uso kwa ncha ya ushungi, akashusha pumzi, akasema, "Basi nifundishe. Mpaka nijue kama wewe."

*

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kitoto, na hapo ndipo penye fedheha. Alale chini kifudifudi, si kwenye kitanda cha kamba. Aegemee viwiko. Kisha anyooshe mikono, ainue kifua, nyonga ibaki chini. Arudie, alfajiri, mchana, jioni. Atembee kidogo kidogo. Asiinamie kitu chochote. "Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni," Sumbal alimwambia, "furahi, hata kama kiunoni yatazidi. Yakishuka mguuni, acha, uje."

Ukuta wa Kausar haukuwa mrefu. "Mjusi wetu ameamkaje?" aliuliza kila asubuhi, kidevu juu ya matofali.

"Njoo ulale hapa tuone utakavyoinua hilo tumbo," Rasulan alimjibu kutoka sakafuni, akihema.

Allah Ditta, aliyekuwa kuli wa stesheni ya reli ujanani, alijipa kazi ya kutangaza. "Treni ya maumivu imefika wapi leo?"

"Bado ugokoni."

Baada ya siku kadhaa: "Imefika wapi?"

"Gotini. Mzee, imefika gotini!"

Na ilipofika pajani, alikaa akalia, mchana kweupe, mbele ya mume na nyati. Kidole gumba kilikuwa kinawasha, na kuwasha kwake kulikuwa kutamu kuliko asali. Shagufta aliyekuwa anakamua akaacha ndoo akaja kumkumbatia, na wote wawili wakaona haya, maana hawakuzoea.

Lakini Ijumaa moja Ghafur, aliyekuwa amepata nafasi yake, alikuwa na sepetu kichochoroni. Rasulan akatoka hatua kwa hatua, mkono ukutani, akamkuta amekwisha leta udongo kwenye toroli.

"Mama, daktari mwenyewe kasema usiiname. Utaokaje bila kuinama? Nikuache ujiue?"

 Rasulan alilitazama tanuri, mdomo wake umelingana na ardhi kama kisima, akajua kwamba mwanawe ana haki, na kujua huko kulimkata maini.

"Lisiwe chini," akasema Shagufta nyuma yao.

"Nini?"

"Pale nje ya hospitali, tulipongoja bajaji, kuna duka la mikate. Yule mwanamume anaoka amesimama wima. Tanuri lake limejengewa juu, mpaka kiunoni. Mama, uliliona. Ulilikodolea macho mpaka nikadhani umempenda mwokaji."

Allah Ditta akapiga goti kwa furaha. Ghafur akasema tanuri la juu ni la dukani, la wanaume, halijapata kuonekana kijijini. Wanawake waliokuwa wakipita wakasema bibi zao walichuchumaa na wao watachuchumaa. Kausar akasema, "Tutapanda ngazi kuoka mkate sasa?"

"Usipande," Rasulan akamwambia. "Bakia huko chini na ulimi wako." Kisha akamgeukia mwanawe. "Toroli hilo lina udongo mzuri. Usiurudishe."

Walijenga wenyewe. Ghafur, aliyekuja kubomoa, akapanga matofali. Shagufta akafinyanga tanuri jipya kwa udongo na manyoya ya mbuzi, akilipandisha duara juu ya duara, na mama mkwe wake akamsimamia akiwa kifudifudi kwenye jamvi pale pale kichochoroni, ameegemea viwiko, akitoa amri: nene hapo, nyembamba huku, hiyo shingo utaipinda. Aliipinda kidogo. Wakaiacha hivyo.

Msimamizi wa Chaudhri akapita na pikipiki yake, akasimama. Kona ile ilikuwa ardhi ya Chaudhri. Baba yake Chaudhri ndiye aliyeruhusu tanuri la chini, kwa neno tu. "Nani amewaruhusu kupandisha jengo?"

"Ni tanuri," Ghafur akasema, ghafla amekuwa mdogo.

"Juu ya ardhi ni jengo. Chaudhri akirudi mtamjibu nyinyi. Na wewe, Ghafur, unakula kwake."

Usiku huo hakuna aliyekula sana.

*

Chaudhri Muzaffar alirudi mapema kuliko walivyotaka, na hakuja kwa habari ya jengo. Gari lake liliingia kichochoroni alfajiri, watu wawili wakamshusha, uso umekunjamana, mguu wa kulia unaburuta. Rasulan alikuwa ndio kwanza amewasha tanuri jipya kulikausha. Wanawake walikwisha kujaa na mabeseni. Hata waliolikataa walikuja, japo kuona tu.

"Bebe, haraka," akasema Chaudhri. "Sijala kitu. Nimekufa."

Mtu wake akatandika jamvi. Chaudhri akashuka chini kwa kuguna, akalala kifudifudi, kilemba pembeni. Akangoja mguu.

Rasulan akasimama juu yake. "Maumivu yanaishia wapi?"

"Tangu lini unauliza maswali? Yanaishia kidoleni. Kidole chenyewe kimekufa ganzi. Kanyaga!"

Rasulan akaona mguu wake mwenyewe ukiburuta kama siku ile, akakisikia kilio chake. Angeweza kumkanyaga taratibu, akamridhisha, naye akaondoka zake kuvunjikia mbele. Chaudhri, uso jamvini, akasema maneno yaliyomaliza ujanja wote: "Nimeona umejenga kwenye kona yangu bila kuuliza. Nipe mguu wako vizuri, na mimi sitauliza."

Ghafur, kando ya gari, alikuwa anamtolea mama yake macho ya kusihi. Kanyaga, mama. Kanyaga tu.

"Sikukanyagi, Chaudhri," Rasulan akasema.

Kichwa kikainuka. "Nini?"

"Mguu wangu hautibu mgongo. Mimi mwenyewe niliamini, na nimekanyaga watu kwa imani hiyo tangu usichana. Kisha mgongo ukanishika mimi, nikakanyagwa na aliyezaliwa kama mimi, nikalazwa chini mguu umelegea. Wengine niliowakanyaga nimewakuta hospitali." Aliipandisha sauti ili mpaka beseni la mwisho lisikie. "Mliopona, alhamdulillahi, mlipona kwa kudura ya Mungu. Msiopona, nisameheni."

Kausar akaliweka beseni lake chini. 

"Unanikatalia mimi?" Chaudhri akauliza. "Umenilaza chini mbele ya wanawake unikatalie?"

"Nakunyima mguu. Dawa sikunyimi. Na kwa kuwa kulala umeshalala, egemea viwiko."

"Wewe mwanamke!"

"Kuinuka kutakuuma zaidi. Egemea viwiko, Chaudhri."

Hilo la kuinuka lilikuwa kweli. Akaegemea viwiko, akitukana kwa sauti ya chini. Rasulan akamwambia anyooshe mikono, akanyoosha. Nyonga chini. Tena. Tena. Pumua, usikaze meno. Jasho likamtoka. Wanawake walikuwa wamefunika midomo kwa mitandio, macho tu yanacheka.

"Maumivu yako wapi sasa?"

Chaudhri akasikiliza mwili wake. Uso ukabadilika, ukawa kwa dakika moja uso wa mtoto. "Yako… pajani." Kisha akakumbuka yeye ni nani. Akaamrisha ainuliwe, akavaa kilemba. "Mimi si mwanafunzi wa shule, nifanyishwe mazoezi barabarani. Ijumaa nitakuja kuliangalia hili jengo lako."

"Alfajiri, mchana na jioni!" Rasulan akapaza sauti nyuma ya gari. "Na uende hospitali ukapimwe huo mguu! Usilale kwenye kitanda kinachobonyea!"

Ghafur akashika kichwa. "Mama, umetuchomea nyumba."

"Afadhali nyumba yangu kuliko mguu wake," akajibu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

*

Siku zilizofuata alioka. Alisema kama tanuri litabomolewa, basi libomolewe likiwa limetumika. Alisimama wima, mkono ukiingia na kutoka motoni, na mkate wa kwanza ulipochomoka mwekundu na madoadoa, aliushika kwa ncha za vidole, akacheka peke yake. Kiuno kilikuwa kinamkumbusha tu kwamba kipo. Wanawake waliozoea kuchuchumaa wakagundua kuwa wakisimama magoti hayawaumi, na wanasengenya vizuri zaidi, maana wanaona mbali. Na wale wa alfajiri waliendelea kuja. Walikuja kutafuta mguu, wakapewa jamvi. Wengine walinung'unika wakaondoka. Wengi walilala wakaegemea viwiko, na Zohran alikuja kutoka ng'ambo na nusu ya ukumbi wa hospitali.

Ijumaa ikafika. Kichochoro kilijaa, hakuna aliyetaka kukosa. Ghafur alikuwa amekaa juu ya toroli, sura ya mtu anayengoja hukumu. Shagufta alisimama mbele ya tanuri lake lililopinda, mikono kiunoni, kama vile angeweza kulizuia kwa kifua.

Chaudhri alikuja kwa miguu. Hilo liligunduliwa kwanza na Allah Ditta, ambaye alitoa kiko mdomoni. Alitembea polepole, bila kushikwa, na nyuma yake msimamizi amebeba kitu kirefu kwapani, kimefungwa kwa kitambaa. Watu wakasema ni sururu.

Akalizunguka tanuri. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. "Nani amelijenga?"

"Mimi," akasema Shagufta.

"Limepinda."

"Mikate yake haikupinda, Chaudhri."

 Chaudhri akampa ishara msimamizi, kitambaa kikafunguliwa, na ndani yake lilikuwamo jamvi jipya. Likatandikwa katikati ya kichochoro. Mwenye mashamba mpaka mferejini akavua viatu, akavua kilemba, akalala kifudifudi, akaegemea viwiko mwenyewe bila kuambiwa.

"Bebe," akasema, "ile ya mikono nimeiweza. Inayofuata ni ipi?"

Rasulan alikuwa na unga mpaka viwikoni. Moyo ulikuwa umemjaa hata akaogopa utamwagika mbele ya watu, kwa hiyo akageukia tanuri, akainua donge, akalipiga likatandazika baina ya viganja.

"Subiri zamu yako," akasema. "Kausar alitangulia."

Kausar, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusema. Akasogeza beseni lake mbele. Na Chaudhri Muzaffar, kidevu juu ya jamvi, akasubiri.